Aliyetupandia Mpaka Milangoni

Kila mtu wa barabara yetu alimjua kwa viatu vyake. Zilikuwa buti za mpira, nyeusi, alizozikata juu kwa kisu zikabaki fupi kuliko soksi. Alizivaa shambani, alizivaa ofisini, alizivaa hata Pasaka kanisani, pamoja na suruali iliyopigwa pasi ya kukata mkono. Sisi wafanyabiashara wa Butembo humtazama mtu viatu kwanza, kwa hiyo siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu nilimweka katika kundi la wale wanaouliza bei na kuondoka. Hakuuliza bei. Aliomba makopo.

"Mama, makopo ya rangi ile ilitoboka, unayatupaka wapi?"

"Nayatupaka kule chini, kwa kona."

"Basi unipe mimi. Nitatupa muzuri kuliko wewe."

Nilimpa, ili aniondokee. Wiki mbili baadaye nilipita kwenye kona nikayaona makopo yangu yamepangwa juu ya ukuta mdogo, kila moja na ua ndani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni yangu.

Tulimwita Agronome, yaani bwana shamba. Serikali ilimleta huku kutoka mbali sana, upande wa magharibi wa nchi, aje kuangalia mashamba ya watu. Jina lake nalijua, lakini yeye mwenyewe alilitumia kwenye karatasi za ofisi tu, nami nitaliacha hukohuko. Mimi nauza mabati, misumari na rangi kwenye barabara inayopanda kuelekea Rughenda. Yeye ndiye aliyeniita Mama Mabati, na jina likanishika. Leo hata mashemeji zangu hawaniiti vingine.

Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala ndani yake na Kifaransa juu yake. Kinande hakukijua kabisa, ingawa alikaa nasi miaka mingi. Alijua "wasingya" tu, yaani asante, na alilitumia neno hilo kwa kila kitu, kusalimia, kuaga, na kumtuliza mbwa. Wamama wa sokoni walimcheka mpaka wakachoka kumcheka, wakaanza kumjibu.

Alikuwa na msemo wake mmoja: "Tuone kwanza mizizi." Alianza kuusema juu ya miche, halafu ukahamia kwenye mambo yote. Kwaya mbili za parokia zilipogombana juu ya nani aimbe siku ya Askofu, yeye alisema tuone kwanza mizizi, ikagundulika ugomvi haukuwa wa nyimbo, ulikuwa wa viti. Mume wangu alipoumwa jino, Agronome alimwangalia mdomoni akasema hivyohivyo. Mume wangu hakucheka, na jino liling'olewa kesho yake.

Nisimpambe kupita kiasi, maana alikuwa na vituko vyake. Alikuwa mtu wa mboga asiyekula mboga. Alihimiza watu walime lengalenga, akawafundisha kupanda limau na vitunguu vya majani katikati ya maua, lakini yeye sahani yake ilikuwa fufu na makayabu, samaki wa chumvi, siku saba za wiki. Alisema sombe, yaani kisamvu, ilimchosha tangu utoto. Na kwake nyumbani! Siku moja nilimpelekea mkewe salamu, nikatarajia kuona bustani ya wafalme. Ua wao ulikuwa umefagiwa, mwekundu, mtupu, hauna hata jani moja la kumfanyia mtu chai. Nilipomwambia, hakuona aibu.

"Muganga anajichomaka sindano ye mwenyewe?" aliniuliza.

Na saa. Jumamosi ni salongo kwetu, maduka hufungwa mpaka watu wamalize kufagia na kuzibua mitaro. Salongo ilianza saa moja, yeye alikuwa pale saa kumi na mbili na nusu, anatembea huku na huku akikunja uso kwa wachelewaji ambao walikuwa bado hawajachelewa. Lakini misa ya Jumapili, hakuwahi kufika kabla ya mahubiri hata mara moja. Padri alikuwa akimwona mlangoni na buti zake anajua sasa ni wakati wa kufupisha.

Maua aliyapenda, lakini si kwa namna tunayoijua sisi. Hakuyanusa wala kuyasifu. Alipita kila asubuhi akiyakata, akiyapunguza, akiyang'oa yaliyo dhaifu, mpaka mtu ukaona huruma. Wamama wa shirika letu la kanisa walipochuma arumu nyeupe kwa ajili ya altare bila kumwambia, hakusema nao siku tatu. Siku ya nne aliwaletea ndoo nzima ya arumu, akaiacha mlangoni kwa mwenyekiti wao, akaondoka bila kubisha.

Kona niliyoitaja ilikuwa mahali ambapo barabara inageuka kabla ya kupanda. Kabla yake pale palikuwa lundo la takataka la mtaa mzima, na mvua iliponyesha lundo lilitutembelea madukani. Tulilalamika kwa miaka. Kulalamika tunajua. Yeye hakuitisha mkutano, hakuandika barua. Alianza na koleo, Jumamosi moja, peke yake. Jumamosi iliyofuata wamama wa shirika walimwonea huruma wakaja na majembe. Kisha vijana wa pikipiki, ambao stendi yao ilikuwa hapo na wao ndio walionusa zaidi, wakaanza kubeba udongo mweusi kwenye magunia, gunia moja kila walipotoka na abiria upande wa mashamba.

Na sisi wa maduka alitupata mmoja mmoja, kwa njia ileile aliyonipata mimi. Hakumwomba mtu kitu kizuri. Aliomba kilichokuwa kinakusumbua. Kwangu makopo yaliyotoboka. Kwa mzee anayeuza mbao, jirani yangu, ambaye sote twamwita Mzee wa Mbao, aliomba vumbi la msumeno na vipande vifupi. Kwenye ghala la kahawa aliomba maganda. Kwa fundi wa magari aliomba matairi yaliyokwisha. Mtu akikutolea taka zako mlangoni huwezi kumkatalia, na ukishampa taka zako unaanza kupita kuangalia amezifanyia nini. Hivyo ndivyo alivyotunasa. Mimi nimefanya biashara tangu ujana wangu na sijaona mbinu safi kuliko ile.

Siku moja mvua ilimkamata kwangu. Mvua juu ya mabati, huwezi kuuza wala kusikia bei, kwa hiyo tulikaa. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivi kwa mji usio wake, na mshahara wa serikali tunaujua unavyokuja.

Alikung'uta kwanza matope ya buti zake. Kisha akaniambia. Alikotumwa kwanza, kwao huko magharibi, alipanda michikichi kilomita nzima. Alipohamishwa, michikichi ilikatwa. Kule Oicha alianzisha kitalu cha kakao na kikundi cha vijana, kitalu kizuri. Alipohamishwa, kiligeuka pori. Kule Alimbongo alifundisha watu kupanda nyasi za kushika udongo kwenye miteremko. Alipita pale mwaka uliofuata akiwa juu ya lori, akatafuta nyasi zake kwa macho, hakuona hata shina.

"Kila fwasi niliendaka, kintu inakufa siku naondoka," alisema. "Sasa najiuliza, Mama Mabati. Ni batu ndiyo babaya, ao ni mimi sijue kazi? Butembo ndiyo ya mwisho kujaribu. Kama hii nayo inakufa, nitajua ni mimi."

Nilimwambia maneno ya kumtuliza, yale tunayowaambia wateja. Lakini yaliniingia. Tangu siku hiyo, kila nilipoona ua limelala, niliwaza juu ya lori la Alimbongo.

Sasa nifike kwenye siku niliyomtukana, maana nisipoisimulia wengine wataisimulia, na wataitia chumvi.

Huku kwetu kuna mmea wenye shina jembamba kama fimbo na majani marefu yaliyochongoka. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinashika. Mbuzi haugusi, jua haliuui. Kwa sababu hiyo wazee wetu waliuchagua uwe mti wa mpaka. Ukiuona shambani, jua hapa ndipo kwa fulani panaishia na kwa fulani panaanzia. Ndugu wanapogawana shamba la baba yao huuchomeka mbele ya mashahidi. Kuung'oa bila mashahidi ni kesi. Kuupanda bila mashahidi ni kesi kubwa zaidi.

Wiki zile kulikuwa na maneno mjini kwamba barabara yetu itapanuliwa na baraza za maduka zitavunjwa. Hakuna aliyejua yametoka wapi, ila kila aliyepita na kamba mkononi tulimtazama vibaya. Na Agronome, mtu wa serikali, asiyesikia Kinande, hakuwa na habari. Yeye alikuwa na shida nyingine: mbuzi na pikipiki zilikuwa zinakanyaga vitanda vya maua mbele ya maduka. Akaamua kututengenezea uzio mdogo wa kuvikinga. Akaagiza fimbo za mti ule kutoka upande wa Lubero, zikaja juu ya lori la viazi. Na kwa kuwa alitaka kutushangaza, alizipanda Jumapili mchana, maduka yamefungwa, akisaidiwa na wenzake wawili wa ofisini, nao watu wa mbali kama yeye. Alivuta kamba, akazichomeka kwa mstari ulionyooka, hatua mbili kutoka kila mlango, toka juu hadi kwenye kona.

Jumatatu asubuhi nilifika kufungua duka nikakuta nimekatiwa mpaka.

Sikufikiri. Nilizing'oa zote zilizokuwa mbele yangu, kwa mikono, na kitenge changu kipya kikajaa matope. Majirani walikuwa wanafika mmoja mmoja, kila mmoja anasimama, anashika kichwa. Mzee wa Mbao aliingia ndani akatoka na hati za kiwanja chake zimefungwa kwenye plastiki, amezikumbatia. Mwenye ghala la kahawa naye akatoa za kwake. Kwa muda mfupi tulikuwa barabara nzima ya watu wazima tumesimama na karatasi vifuani, tunaogopa vijiti.

Ndipo akatokea, anateremka na buti zake, anatabasamu. Alikuja kupokea asante.

Nilimtupia fimbo miguuni. "Nani alikutuma kukata nyumba yangu? Eh? Tunakupa makopo, tunakupa mikono, kumbe ulikuwa unapima! Wewe hapana mutu wa hapa! Rudia kwenu na miti yako!"

Nililisema hilo neno. Nilipolisema niliona tabasamu lake likibaki usoni kidogo, halikujua pa kwenda.

Wengine walipaza sauti nao. Aliposikia kisa chenyewe, alishika kiuno akatuangalia kwa mshangao wa kweli. "Eh, najua ni muti ya mupaka! Nilikaa Alimbongo. Lakini ni kule ku mashamba! Ninyi muko na cadastre ya kupima viwanja, muko na papier ya mihuri, muko na téléphone. Nilizani hapa mujini mulishasahau."

"Papier inaunguaka," Mzee wa Mbao alimjibu. Hakuwa amepaza sauti hata kidogo. "Papier panya anakulaka. Huu muti hapana mutu anasahau, Agronome. Hata mwenye kuzaliwa ku nyumba ya ghorofa."

Mzee wa Mbao ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, akaamua. Aliyepanda bila mashahidi atang'oa mwenyewe, mlango kwa mlango, mbele ya mwenye mlango na majirani wa pande mbili. Hivyo ndivyo inavyofanywa huko mashambani, na hivyo ndivyo itakavyofanywa hapa.

Nilifikiri atakataa. Mtu wa serikali, mwenye muhuri. Alivua koti, akampa kijana wa pikipiki amshikie, akaenda mpaka duka la juu kabisa akapiga magoti. "Nilipanda bila kukuuliza," alimwambia mwenye duka. "Ninangoa mbele yako." Akang'oa, akasawazisha udongo kwa kiganja, akahamia mlango wa pili. Alirudia maneno hayohayo kila mlango, bila kuyafupisha. Sisi tukawa tunateremka naye, majirani wawili wawili, na kufikia katikati ya barabara hakuna aliyekuwa bado anapiga kelele.

Alipofika kwangu hakukuta kitu cha kung'oa. Nikafurahi, nikajua yangu imekwisha. Mzee wa Mbao akanigeukia.

"Na wewe, Mama Mabati. Ulingoa na mashahidi gani?"

Nilianza kufuta matope mikononi.

"Rudisha. Upande kwanza yote. Halafu yeye atangoa."

Watu walicheka, na mimi ningecheka kama angekuwa mtu mwingine. Nilikunja kitenge, nikapiga magoti kwenye matope, mbele ya wateja wangu na mbele ya binti yangu aliyekuwa kaunta, nikaanza kuchomeka fimbo zilezile moja moja kwenye mashimo yake. Agronome alipiga magoti upande wa pili, akingoja zamu yake. Hakunicheka. Aliangalia kazi yangu kwa makini, kama anavyoangalia ya kila mtu.

"Unapanda muzuri," alisema polepole. "Iko droit, imenyooka."

Hapo ndipo nililia kidogo, na sioni haya kulisema. Nikamwambia, "Agronome, unisamehe ile neno. Nilisema ya mubaya."

"Ulisema ya kweli. Sikuuliza." Kisha akaanza kung'oa. "Nilipanda bila kukuuliza, Mama Mabati. Ninangoa mbele yako."

Tulipomaliza kwenye kona ilikuwa mchana. Hakuna aliyeuza kitu asubuhi ile. Fimbo zililala kando ya barabara na mbele ya maduka yetu palikuwa na mashimo tu. Na mashimo ni kitu kibaya mbele ya duka, huwezi kuyaacha. Mimi nikawa wa kwanza kumuuliza nipande nini. Akasema hajui, mlango si wake. Nikasema nataka hortensia za buluu, kama za masista. Mzee wa Mbao alitaka vitunguu vya majani, kwa sababu, alisema, ua halichemki. Mwenye ghala la kahawa, ungeweza kubahatisha, alitaka kahawa.

Tangu siku hiyo sheria ya barabara yetu ikawa moja: hakuna kinachoingia ardhini mbele ya mlango ila kwa mkono wa mwenye mlango. Mameneja, wakubwa, wenye magari, wote walipiga magoti. Agronome alisimama juu yao akiwa amefunga mikono nyuma, akisema tuone kwanza mizizi. Mpaka leo nadhani lile kosa lake lilitusaidia kuliko mafanikio yake yote.

Naomba nijivune kidogo, sisi Wanabutembo tunalaumiwa kwa hilo hata tukinyamaza. Njoo uone. Maarusi wa mji huu siku hizi hawapigi picha tena mbele ya hoteli, msafara wao unasimama kwenye kona yetu, honi zinalia, bibi arusi anasimamishwa katikati ya kana nyekundu na arumu, na mimi nafunga mlango wa duka ili mabati yangu yasionekane nyuma yake. Madereva kutoka Beni hupunguza mwendo. Mitaa mingine miwili imeanza ya kwao, na wamama wa shirika letu ndio waliokwenda kuwafundisha, bila kulipwa, na watoto mgongoni. Hakuna mfadhili aliyekuja, hakuna ubao wa mradi uliosimikwa. Ni takataka zetu na magoti yetu.

Ubao tulitaka kuuweka, ila kwa ajili yake. Mzee wa Mbao alikuwa amekwisha chonga, mimi nilikuwa nimetoa rangi. Agronome aliukataa kwa hasira ambayo hatukuwahi kuiona.

"Mukiandika jina yangu, siku nimeenda batasema: ya ule mutu. Batu hapana nyweshaka kintu ya ule mutu."

Ubao ukageuzwa kuwa benchi.

Na siku ya kwenda ikafika. Barua ya uhamisho ilikuja, Beni, haraka, kama zinavyokuja siku zote. Jumamosi yake ya mwisho alifanya salongo kama kawaida, akawakunjia uso wachelewaji. Tulipika. Tulimtaka atoe hotuba. Alisimama, akasema "wasingya", akakaa. Baadaye alinisogelea.

"Sitapiga téléphone," aliniambia. "Nikipiga, mutafanya kwa sababu yangu. Siku moja nitapita. Sitasema ni siku gani."

Niliijua hofu yake, kwa hiyo nilimwahidi kwa sauti kubwa kwamba maua hayatakufa. Ndani sikuwa na uhakika hata robo. Natujua sisi.

Kiangazi cha kwanza bila yeye kilitupima. Wiki tatu bila tone, vumbi likakaa juu ya majani, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake amwagilie. Hortensia zangu mbili zilikufa, za kwangu mimi niliyeahidi kwa sauti kubwa. Jumamosi moja salongo ilikuwa na watu sita. Nilisimama pale kwenye kona na kopo la maji mkononi, nikaona udongo umepasuka. Niliwaza, Agronome atapita juu ya lori atafute kwa macho.

Aliyetuokoa hakuwa mmoja wetu wa zamani. Kulikuwa na mama aliyekuja Butembo baada ya Agronome kuondoka, amekimbia kwao upande wa Oicha na watoto wanne, akaanza kuuza makaa kwenye kona, kando ya lile benchi. Mbele ya maduka yetu bado kuna ndoo za kunawia mikono, zile zilizobaki tangu wakati wa ule ugonjwa uliotukataza kushikana mikono, na maji yake yalikuwa yanamwagwa barabarani. Yule mama alianza kuyakusanya, bila kuulizwa na mtu, akiyamwagia kona yake. Yale yenye dawa kali aliyatenga, yenye sabuni kidogo aliyatumia. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

"Mama, miye nakaa hapa kutwa muzima," alinijibu. "Niangalie nini? Makaa?"

Nikaona aibu. Nikapeleka ndoo yangu. Mzee wa Mbao akapeleka yake, kisha ghala la kahawa, kisha vijana wa pikipiki wakaanza kuleta madumu kutoka mtoni. Kiangazi kilipita, vitanda vikabaki vimekonda lakini vikabaki. Mvua iliporudi kila kitu kilifumuka, na kona ya mama wa makaa ikawa nzuri kupita ya wote, ikatuudhi kidogo.

Ilikuwa asubuhi, si muda mrefu uliopita, siku ya kazi. Nilikuwa nje napima mabati ya mteja nikaona gari la kutoka Beni linasimama kule chini kwenye kona, na mzee mmoja anateremka. Amekonda. Ana kofia. Nikaangalia chini, nikaona buti, nikamwacha mteja na mita yake hewani.

Lakini sikufika kwa wakati. Agronome alikuwa ameona kijiti kilichoinama katikati ya kana, na mkono wake haujajifunza kustaafu. Alivuka mawe ya ukingo akaingia kwenye kitanda cha maua.

"Papa! Wewe Papa!" Mama wa makaa alikuwa amesimama na ufagio. "Toka mu maua ya batu! Unakanyanga nini pale?"

Aliganda, mguu mmoja juu. "Mama, nilikuwa natengeneza tu ile..."

"Nani alikuambia utengeneze? Unakaa hii mutaa?"

"Hapana. Natoka Beni."

"Donc uko mugeni. Hapa hapana mugeni anaingia bila kuuliza. Hii iko na benyewe."

Nilikuwa nimefika, nahema, nimefungua mdomo kumwambia yule mama anamfukuza nani. Agronome alinishika mkono, akanibana kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usimuambie," alininong'oneza.

Akavua kofia. Akamwomba yule mama msamaha, vizuri, kwa maneno kamili, jinsi alivyotuomba sisi siku ile. Mama wa makaa hakutosheka. Akamwonyesha kwa ufagio alama za buti zake kwenye udongo mbichi. Agronome akapiga magoti, taratibu, maana magoti si yale tena, akazifuta kwa kiganja moja baada ya nyingine, akirudi nyuma mpaka nje ya mawe. Yule mama alikagua.

"Ni sawa," akasema, akarudi kwenye makaa yake.

Nilimsaidia kusimama. Machozi yalikuwa yanamteremka na alikuwa anacheka, vyote kwa pamoja, na hakujaribu kuficha.

"Umesikia, Mama Mabati?" aliniuliza. "Amenifukuza. Hanijue hata kidogo!"

"Nimesikia, Agronome."

"Iko na benyewe, anasema."

Hakutaka kukaa, hakutaka chai. Gari lilikuwa linamngoja na abiria walikwisha kuanza kupiga kelele. Nilitaka kumpitisha aone hortensia zangu mpya na vitunguu vya Mzee wa Mbao. Alisema ameshaona. Alivaa kofia, akamsalimu mama wa makaa kwa adabu. Kisha akarudi garini kwa kuizunguka kona nzima, upande wa nje wa mawe.